Edgware siyo Edgware Road (shangazi, soma hapa kabla hujapanda ndege)

  Najua nimepotea muda mrefu, mtanisamehe, zamu za usiku zimenibana na huyu mtoto naye sasa hatembei tena, anakimbia. Ukifumba jicho tu yuko jikoni ameshika sufuria.

Leo sina mapicha ya theluji. Nimeandika kwa sababu shangazi amenipigia juzi, viza yake imetoka, na swali lake la kwanza halikuwa baridi wala chakula. Kauliza, "Hizo treni za chini ya ardhi mtu anapandaje, na yalimkuta nini mama yako?" Nikasema shangazi, hiyo ya mama ni ndefu, nitaiandika. Basi ndiyo hii. Na wale ambao mlisikia upande wa mama peke yake kule Korogwe, naona mlisikia nusu, kwa sababu mama anapoisimulia anajicheka, na mimi ananisitiri.

Kwanza niseme hivi. London siyo mji mbaya kwa usafiri. Mtu aliyesimama kituoni Ubungo miaka ile tukigombania daladala kwa kupitia dirishani hawezi kuja hapa akalalamika kwamba treni imechelewa dakika nne. Tabu yake ni nyingine. Hapa hakuna konda. Ndiyo maneno yote, hakuna konda. Kwetu hata kama hujui unakokwenda, kuna mtu kazi yake ni kupiga kelele gari linakwenda wapi, anakuvuta mkono, anakuuliza unashuka wapi, na ukimwambia "nishushe kwa fulani" anakukumbusha. Hapa kila kitu kimeandikwa ukutani. Ukishindwa kusoma, au ukisoma vibaya, ni juu yako.

Mimi mwenyewe nilipofika mwaka 2017, na digrii yangu ya unesi mkobani, nilipanda basi nikampa dereva noti ya pauni tano. Akatikisa kichwa. Nikadhani anataka chenji, nikaanza kuhesabu sarafu, foleni nyuma yangu hadi nje. Kumbe mabasi ya hapa yaliacha kupokea pesa taslimu tangu Julai 2014! Ni kadi tu. Mama mmoja mtu mzima nyuma yangu akagusa kadi yake kunilipia, akanisukuma taratibu nipite, na sikumwona tena. Nilikaa kwenye kile kiti nimejiinamia kama mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ada.

Halafu kuna hili la kugusa. Kwenye basi unagusa kadi ukipanda tu. Kwenye treni unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, na lazima iwe kadi ile ile. Mwenzenu siku moja nimetoka zamu ya usiku, macho hayaoni, nikaingia kwa kadi ya benki na kutoka kwa kadi ya Oyster. Mashine haijui kwamba ni mimi yule yule. Inaona watu wawili, mmoja aliyeingia asitoke, na mwingine aliyetoka bila kuingia, na kila mmoja inamkata nauli ya juu kabisa. Sikuambiwa na mtu. Niliona kwenye taarifa ya benki mwisho wa mwezi. Na ukikutwa umepanda bila kugusa kabisa, faini ilipandishwa Machi 2024 ikawa pauni 100, zaidi ya laki tatu za kwetu kwa wakati ule. Ukilipa ndani ya siku 21 wanakupunguzia nusu. Kusema ulikuwa mgeni hakusaidii sana.

Haya, mama.

Mama alikuja mwishoni mwa Aprili 2024, akae miezi mitatu. Mtoto wangu alikuwa na miezi saba na likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, nimerudi wodini. Lakini alikuwa na safari yake nyingine ndani ya ile safari. Ana shoga yake waliyesoma naye sekondari, mmoja kitanda cha juu na mwenzake cha chini, wakaachana mama akiwa ameolewa na mwenzake akaja huku na mumewe mwaka 1986. Barua, baadaye simu, baadaye WhatsApp, lakini macho kwa macho hapana, tangu 1986. Na yule shoga alikuwa mgonjwa wa figo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine. Nyie mnaojua hiyo kazi mnajua siku ya mashine mtu harudi na nguvu ya kupokea wageni. Kwa hiyo zilibaki Jumanne na Alhamisi, maana mwisho wa wiki ni wa wajukuu. Alikaa karibu na Edgware Road. Sisi tunakaa Tooting, kusini.

Kwenye ramani ni kitu chepesi. Ile ramani yenyewe nayo ina hadithi, aliichora fundi mchoraji wa mambo ya umeme anaitwa Harry Beck, mwaka 1931, ikatolewa kwa watu 1933, na aliichora kama mtu anayechora nyaya, mistari imenyooka, vituo vimepangwa kwa nafasi nzuri. Inapendeza. Lakini siyo ardhi. Vituo viwili vinavyoonekana mbali kwenye karatasi unaweza kukuta ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Na ile laini yetu inaitwa Northern, yaani ya Kaskazini, na ndiyo inayofika kusini kuliko zote, hadi Morden! Mama aliponiuliza kwa nini, nilikosa jibu.

Basi safari ilikuwa hivi. Unapanda Northern pale Tooting Broadway, unahesabu vituo tisa, unashuka Elephant & Castle. Nikamwambia hicho ni kituo cha Tembo na Ngome, akacheka, akasema hicho hakisahauliki. Pale unabadili, unapanda laini ya Bakerloo. Huwezi kukosea kwa sababu pale ndipo inapoanzia, treni zote zinakwenda upande mmoja. Unahesabu kumi, unashuka Edgware Road. Tulifanya mazoezi mezani kwa vijiko. Na kwa sababu mama Kiingereza chake ni cha "thank you" na "how much", nikamwandikia karatasi. Mstari wa kwanza Elephant & Castle, wa pili Edgware R.

Nilifupisha. Nilikuwa nimetoka usiku, saa mbili na nusu asubuhi, wino wa kalamu unakatika, nikaandika R na nukta nikaona inatosha.

Mnaoishi Dar fikirieni hivi. Mtu anakwenda Mbezi Beach, mmemwandikia "Mbezi", na konda wa kumuuliza ni Mbezi ipi hayupo. Hapa ziko Edgware Road, na wala siyo moja, ziko stesheni mbili zenye jina hilo hilo, moja ya Bakerloo na nyingine ya laini nyingine kabisa, barabara na kona tu kati yake. Lakini hiyo ni tabu ndogo. Tabu kubwa ni kwamba kuna Edgware, bila Road, mwisho kabisa wa laini ya Northern, huko kaskazini mji unakokaribia kwisha. Na treni aliyopanda mama pale Tooting ilikuwa imeandikwa mbele yake Edgware.

Nilitaka kumsindikiza. Alikataa. Aliniangalia nilivyosimama nimeegemea friji, akasema, "Wewe lala na mtoto wako. Mimi nimepanda mabasi kabla hujazaliwa." Na ni kweli. Nyie mnamjua. Mwanamke aliyetusomesha kwa vitenge, anashuka Kariakoo na robota, anarudi Korogwe na basi la usiku, anajua makonda kwa majina, anajua pale Segera gari likikunja vibaya unaamkia Tanga badala ya Dar. Huyo utamwambia nini kuhusu kupanda gari? Akavaa baibui lake jipya, akachukua mkoba, visheti alivyokaanga jana yake, na kopo la achari ya embe alilolibeba kutoka nyumbani ndani ya soksi tatu. Mkononi tasbihi. Akasema hiyo ni ya kuhesabia vituo, kila kituo punje moja, hakosei.

Aliondoka saa nne. Mimi nikalala.

Simu ikaniamsha saa sita kasoro. Ni yule shoga yake, sauti ndogo. "Mwanangu, huyu mwenzangu kaghairi?"

Nikapiga simu ya mama. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikajiambia yuko chini, simu chini hazishiki. Lakini ni karibu saa mbili, na safari yote ni chini ya saa moja. Hapo sasa akili ya unesi badala ya kukusaidia inakuua. Mtu wa kawaida angefikiri mama kapotea. Mimi nilifikiri presha, ana miaka 66, dawa alikunywa saa moja asubuhi, kifungua kinywa alikula kidogo kwa haraka, kule chini kuna joto, Bakerloo haina kiyoyozi. Nilishaanza kuona kitanda, na jina lake limeandikwa vibaya ubaoni. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa khanga. Kigari chake cha kusukuma nilikiacha, kwa sababu stesheni yetu haina lifti, na katika stesheni zote 272 za hizi treni ni kama theluthi tu ambazo unaweza kufika jukwaani bila kupanda ngazi. Mwenye mtoto, mwenye mkongojo, mwenye sanduku, wote tunasota.

Nipo mlangoni navaa viatu, simu inalia. Namba ya mama. Sauti siyo ya mama. Mwanamke, anaongea taratibu, anasema ni mfanyakazi wa stesheni ya Edgware, ana mama yangu hapa, ni mzima, amekaa, anakunywa chai.

Kumbe simu mama alikuwa ameizima mwenyewe! Kwenye ndege walimwambia azime, naye alipoona hii nayo imefunga milango na kuzama ardhini, akaona ndiyo taratibu. Huyu dada ndiye aliyeiwasha, akatafuta jina la juu kabisa. Nimeandikwa "Mwanangu Ulaya".

Nikasema nipe niongee naye. Na hapa ndipo pale ambapo mama akisimulia huwa anaruka.

Sikumuuliza kama ameumia. Sikumwambia pole. Nilipandisha sauti. Nikasema, "Mama, si nilikuambia uhesabu tisa? Si nilikuambia? Umefikaje huko? Ni kitu gani kigumu hapo, ni kuhesabu tu!" Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema neno moja.

"Nilihesabu."

Basi. Nikasema kaa hapo hapo usiondoke, nikakata.

Kutoka Tooting hadi Edgware ni zaidi ya saa moja, vituo vinaisha na vingine vinakuja. Nilikuwa sijalala zaidi ya saa mbili. Ukifika Golders Green treni inatoka nje kwenye mwanga, unaona bustani za watu, nguo zimeanikwa, na mimi nawaza mama alipita hapa peke yake ameshika tasbihi. Nilimkuta kwenye benchi, amemfungulia yule mfanyakazi kopo la visheti, wanakula wote, kila mmoja anaongea lugha yake na wanaelewana. Aliniona akasimama. Akampokea mtoto. Alikuwa ametoka nje ya stesheni akatafuta maduka ya Waarabu niliyomwelezea, ya udi na nyama ya kuchoma, akazunguka karibu saa nzima, hakuona hata moja, akaamua kurudi palepale aliposhukia. Hilo alilipata wapi sijui. Ni kanuni ya stendi, ukipotea rudi uliposhuka. Ilimwokoa.

Ilishafika saa nane mchana. Yule shoga alikuwa amepika, amengoja, amechoka, amelala. Tulirudi nyumbani. Ndani ya treni hatukuongea. Mahali fulani alisikia ile sauti inayorudiwa kila kituo, akauliza wanasema nini, nikamwambia wanasema angalia mwanya kati ya treni na jukwaa. Akasema, "Wanafanya vizuri." Kisha kimya hadi Tooting.

Baada ya hapo mama hakutoka. Siku ya kwanza nikaona ni uchovu. Alhamisi ikafika, nikasema leo twende wote, nina nafasi. Akasema miguu. Nikamchunguza miguu, nesi mimi, nikabonyeza, hakuna uvimbe. Presha 148 kwa 86, siyo mbaya kwake. Jumanne nyingine, miguu. Alhamisi, kichwa. Mama aliyekuwa hakai, sasa anakaa dirishani anaangalia mabasi mekundu yanapita, anamkanda mtoto, anapika, anafua hata visivyo vichafu. Akiongea na shoga yake kwenye simu anaingia chumbani na kufunga mlango. Jumanne mbili na Alhamisi mbili zilikwenda hivyo. Nilijua ni mimi. Sikujua ni kwa kiasi gani.

Siku moja anaangalia nje akaniuliza, "Yale mabasi yanakwenda wapi?" Nikasema lile namba 155 linakwenda Elephant & Castle, linafuata juu njia ile ile ya treni yetu. "Na Tembo kuna basi la kwenda kwa mwenzangu?" Nikaangalia kwenye simu. Unashuka kabla, pale Oval, unapanda namba 36, linavuka mto, linapita Victoria, linapita Marble Arch, linaingia barabara ya Edgware Road yenyewe. Nikasema lakini mama, basi ni polepole, linachukua saa moja na nusu na foleni. Akasema, "Lina madirisha."

Twende nikuambie shangazi, mabasi ya hapa mgeni anayaweza. Simama kituoni, liangalie namba, nyoosha mkono, ukiduwaa dereva anapita. Panda mlango wa mbele, gusa kadi, lia likalia. Nauli ilikuwa pauni 1.75, iliwekwa hiyo tangu Machi 2023, na ukipanda basi lingine ndani ya saa moja tangu ulipogusa la kwanza hulipi tena, ila uguse kadi ile ile. Ndani kuna sauti na kioo cha maandishi kinataja kituo kinachofuata. Kushuka hupigi ukelele wa "shusha!", unabonyeza kengele, unatokea mlango wa katikati, na huko hugusi kitu. Shida yake moja, na hii utaijua mwenyewe, ni kukatisha ruti. Katikati ya safari ile sauti inatangaza kwamba mwisho wa basi hili umebadilika, wote mnashushwa mngoje linalofuata. Mama ilipomkuta mara ya kwanza alifurahi kabisa. Kwake hicho kilikuwa kitu anachokijua.

Mara ya kwanza tulikwenda wote, juu, viti vya mbele. Hakutumia tasbihi. Alikuwa anashika alama kama anavyoshika njia ya Dar. Kanisa lenye mnara mweusi, duka la magodoro, uwanja mkubwa wa majani, daraja, farasi wa sanamu. Alinisemesha alama zile mara mbili kwenda, mara moja kurudi. Jumanne iliyofuata akaniambia nibaki. Nilikaa na simu mkononi, saa moja na dakika arobaini, hadi shoga yake aliponipigia na nikasikia nyuma vicheko vya wanawake wawili wazima, wanacheka kama wamemfungia matroni nje.

Alikwenda mara saba kabla hajarudi nyumbani mwisho wa Julai. Mara ya saba alirudi na bamia na mihogo, kashuka njiani mwenyewe sokoni Tooting, kanunua, kapanda basi lingine ndani ya saa moja. Kaniambia, "Sikulipa." Hilo ndilo aliloona la maana kuniambia.

Sasa hiki nilichokuwa sikijui. Oktoba 2024 nilikwenda kumwona yule mama, siku yangu ya mapumziko, nikampelekea supu. Tukaongea habari za mama. Akaniuliza, "Yule kijana mliwahi kumwona tena?" Kijana gani? Ndipo akanisimulia. Mama alihesabu tisa. Punje ya tisa ilipofika alisimama, akaenda mlangoni, na akiwa hana hakika akamwonyesha kijana mmoja karatasi yangu, yule kijana akasoma Edgware R., akamwonyesha kwa kidole maandishi ndani ya treni, Edgware, akamwashiria hapana, usishuke, hii hii, kaa, na akampisha kwenye kiti chake. Kwa adabu sana, mama alisema. Milango ikafungwa. Mama aliona Tembo na Ngome inapita dirishani na alijua. Lakini kijana wa watu amesimama ili yeye akae, na karatasi ni ya mwanawe aliyesoma chuo kikuu, yeye ni nani wa kubisha?

"Hakutaka nikuambie," yule mama alisema. "Alisema utajisikia vibaya juu ya ile karatasi."

Nilimpigia mama usiku ule. Nikamwambia mama nimesikia, nisamehe, ile siku nilikufokea na kosa lilikuwa langu. Akasema hayo yamepita. Akaniuliza kitunguu kwenu sasa hivi kilo shilingi ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Mnaibiwa." Tukaongea vitunguu robo saa.

Shoga yake alifariki Machi 2025. Mama aliambiwa kwa simu na watoto wake kabla yangu mimi. Mazishini nilikwenda na basi, 155 halafu 36, juu, mbele, kanisa lenye mnara mweusi, duka la magodoro. Duka limefungwa, sijamwambia mama.

Basi shangazi, ya kwako ni haya. Nitakupokea uwanja wa ndege mwenyewe, usihangaike. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka na hawana simile. Usiizime simu. Mwisho wa wiki usipange safari ya treni bila kuniuliza, mara nyingi kuna laini imefungwa kwa matengenezo. Karatasi nitakuandikia, majina yote kamili, herufi kubwa, na kabla hujatoka utanisomea wewe mimi nisikilize. Na kadi usinunue. Mama aliondoka na yake ya Oyster, alikuwa anaihifadhi kwenye kile kipochi cha kitambulisho cha kura, na ameniambia ameshakukabidhi. Kuna pauni tatu na senti ishirini ndani, haziozi. Amesema nikuongezee ishirini juu yake, na ukirudi umrudishie kadi yake.